Maji Inalala Januari

Malaba, Jumatatu, 23 Novemba 1998

Milimita 6.2. Nimesoma saa tatu kamili asubuhi, kama jana, kama juzi, kama kila siku tangu tarehe mosi Aprili.

Daftari la kazi lina nafasi ya tarakimu peke yake, nami si mtu wa tarakimu peke yake. Ndiyo maana nimeanza hili jingine.

Shirika lililoniajiri linatengeneza njia ya watembea kwa miguu kutoka Sio Port, ufukoni mwa ziwa, kupitia Busia, Adungosi na Malaba hadi kwenye miteremko ya Mlima Elgon: mwendo wa siku saba, kwa watu wanaotembea kwa sababu wanapenda kutembea. Mama Leonida, mwenye nyumba hii ya wageni ninamoishi, alipoelezwa hivyo aliuliza kama watu hao wamekosa nauli. Kazi yangu ni maji. Kwanza, ninapima mvua katika ua wa Mama Leonida kila siku kwa miezi kumi na miwili. Pili, ninaandika hali ya kila chemchemi na kisima kati ya hapa na Busia, ili msafiri ajue atakunywa wapi na mwezi gani. Siku moja ikikosa kupimwa, inyeshe isinyeshe, mwaka umevunjika na hesabu inaanza upya. Sharti hilo limo katika mkataba, na niliutia sahihi mwenyewe nikiamini kwamba mwaka ni kitu kinachopita.

Dirisha langu linatazama foleni ya malori ya kwenda Uganda. Malori hayo yana bahati kuliko mimi, kwani hatimaye huvuka. Chuo kikuu kimenihifadhia nafasi ya shahada ya pili hadi mwezi wa Aprili na kimesema wazi kwamba hakitangoja zaidi. Zimebaki siku 128.

Alhamisi, 26 Novemba

3.0. Baada ya kupima nilipanda bodaboda hadi Adungosi, baiskeli ikilia kila tulipopanda kilima, ili kukagua Kituo cha Nne. Ni chemchemi nzuri kuliko zote nilizoziona. Maji yanatoka chini ya mwamba kwa nguvu, yanajaza kidimbwi kilichozungushiwa mawe, kisha yanateremka kwenye mashamba ya mtama. Anayeitunza ni mwanamke wa Kiteso, Amoit, mwenye umri unaokaribia wa mama yangu. Nilimkuta akiondoa majani kwenye kidimbwi kwa mikono, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto chawa.

Nilimuuliza kama chemchemi hiyo hukauka. Alinitazama kana kwamba nimeuliza lini atamzika mtu wa nyumbani kwake.

"Haikauki," alisema. "Maji hapa inalala Januari."

"Yanalala," nikamsahihisha. "Maji yanalala, si inalala."

"Haya. Yanalala." Akacheka na kukung'uta mikono. "Kumbe wewe ni mwalimu."

Nilimweleza kwamba mimi ni mtaalamu wa jiografia, na kwamba somo hilo lina matawi mengi. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaniita mwalimu tena.

Jibu lake lilinifurahisha. Katika Kiswahili, kulala mahali ni kukaa. Mgeni aliyelala hakuondoka. Ikiwa maji hulala Adungosi hata mwezi wa Januari, ambao ndio kiini cha kiangazi, basi hayaondoki kamwe. Nimeandika: "Kituo cha 4, Adungosi. Maji ya kudumu. Hulala hata Januari." Nimependekeza pia wasafiri wapige kambi pale.

Jumamosi, 28 Novemba

11.4. Mama Leonida amesema mvua imeaga. Nimemjibu kwamba mvua haina desturi ya kuaga.

Jumatano, 2 Desemba

Sufuri.

Alhamisi, 3 Desemba

Sufuri.

Jumatatu, 14 Desemba

Sufuri, siku ya kumi na sita mfululizo. Hata hivyo siku haikuwa tupu. Karatasi ya njia imefika kutoka ofisini Busia, imechapishwa mia tano, na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Takwimu za maji: Z. Oduori." Zephaniah wamemfanya herufi moja, lakini nimeisoma mara nne. Kituo cha Nne kina alama ya tone la buluu lililojaa, maana yake maji ya mwaka mzima. Bwana Ochuodho, msimamizi wangu, ameagiza pia kibao cha mbao kisimamishwe pale, nami ndiye niliyeandika maneno yake kwa rangi nyeupe: MAJI YA KUDUMU.

Pamoja na karatasi ilikuja barua ya Dolphine. Tulisoma darasa moja chuoni, na katika miaka minne alinishinda kwa hoja mara moja tu, jambo ambalo hajalisahau wala mimi sijalisahau. Sasa anafundisha Sio Port, na ndiye atakayeongoza matembezi ya kwanza: watu thelathini na wawili wa kwaya ya kanisa lao, wengi wao akina mama, wataondoka ziwani tarehe 4 Februari. Anasema ameifanya karatasi yangu kuwa msahafu wake.

Ijumaa, 25 Desemba

Sufuri. Nyumbani Funyula si mbali; ningepima saa tatu, nikaenda, nikarudi kabla ya kesho saa tatu, kama kungekuwa na gari siku ya Krismasi. Hakuna.

Mama Leonida aliniletea chapati na paja la kuku. Alisimama akikitazama kipimamvua, ile mitungi miwili ya shaba iliyoingiliana, na kuuliza kwa nini nisimfundishe kusoma, ili mama yangu naye anione. Nilimwambia kwamba ni kazi ya kitaalamu. Aliniuliza kama kusoma hakuna nako kunataka shahada. Swali lenyewe lilikuwa zuri, na kwa sababu hiyo sikulijibu.

Jumatatu, 4 Januari 1999

Sufuri. Lori la saruji limezimika mbele ya lango letu, na dereva wake, Mganda anayeitwa Ssalongo, anasema karatasi za mzigo zimekwama upande wa pili. Ili kutoka nje inabidi nijipenyeze kati ya ukuta na gurudumu la nyuma.

Alhamisi, 7 Januari

Sufuri.

Ijumaa, 8 Januari

Sufuri. Lori lipo.

Jumanne, 12 Januari

Sufuri.

Leo asubuhi mfereji wa uani ulikohoa mara mbili ukatoa hewa. Mama Leonida aliugonga kwa kiganja, akaweka ndoo yake kando na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maji imelala."

Nilifungua kinywa nimsahihishe. Kisha nikakumbuka neno la Amoit.

Nilimuuliza ana maana gani. Alinishangaa. Maji imelala, alisema, haiko. Stima inalala, simu inalala, hata biashara inalala. Mimi niliyezaliwa Funyula, si mbali na hapa, niliwahi kuyasikia maneno hayo nikiwa mdogo. Kisha nikaenda shule, nikafundishwa Kiswahili kingine, na nikayasahau kama mtu anayesahau jina la mbwa wao wa zamani.

Nimefunua ukurasa wa tarehe 26 Novemba. Umeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumatano, 13 Januari

Sufuri. Nilikwenda Adungosi.

Kidimbwi ni bakuli la mawe lenye majani makavu. Chini ya mwamba pana alama ya kijani, kama mahali palipofutwa. Kibao changu kimesimama wima. Mtu amemfunga mbuzi hapo.

Amoit alikuwa akirudi na mtungi kichwani. Sasa wanateka kwenye mkondo wa kijito kilichokauka, mwendo wa saa moja: wanachimba mashimo mchangani, wanangoja maji yajikusanye, wanayachota kwa kibuyu. Kwa bidii ya asubuhi nzima, kila nyumba hupata mtungi mmoja.

Nilimwambia kwamba aliniambia maji hayakauki. Alitua mtungi kwanza.

"Kukauka ni ya mti, mwalimu. Mti ikikauka ni kuni. Maji inalala, halafu inaamka. Si nilikuambia? Lakini wewe ulikuwa unanyoosha maneno yangu."

Nilimweleza habari ya watu thelathini na wawili watakaofika tarehe 6 Februari, wapige kambi hapo, wanywe, wapike. Nilitazamia aseme kwamba watakosa maji. Alisema jambo baya zaidi.

"Watapata. Mgeni akiomba maji kwa mlango, nani atamwambia hakuna? Kila mama atatoa mtungi yake. Hiyo ndiyo shida."

Nilirudi Malaba nikiwa nimeshika kiti cha baiskeli kwa mikono yote miwili. Kutoka Adungosi hadi hapa nilijaribu kupata kosa katika hoja yake. Mitungi ipatayo thelathini, nyumba zipatazo thelathini, wageni thelathini na wawili wenye adabu watakaoomba kidogo tu. Watakunywa, watashukuru, wataimba wimbo, wataondoka, na kijiji kitalala na kiu kwa sababu ya tone la buluu.

Ijumaa, 15 Januari

Sufuri. Nimeandika barua kwa Bwana Ochuodho mara nne na kuichana mara nne. Ya kwanza ilisema palitokea tofauti ya tafsiri. Ya pili ilimlaumu mtoa habari. Ya tatu ilikuwa na kurasa sita na ilieleza historia ya kitenzi "lala". Ya nne ilikuwa na sentensi moja ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonishinda kuliko zote.

Mvua ikinyesha kabla ya Februari, barua haitahitajika. Mwaka jana mwezi kama huu, wakati wa El Nino, tuliogelea barabarani.

Jumapili, 17 Januari

Sufuri. Mama Leonida ananitazama ninapofunga daftari. Ameuliza kama wakubwa wangu wanakasirika kila siku nikiandika hakuna. Nilimwambia, kwa uchovu, kwamba sufuri moja zaidi itanimaliza.

Jumatatu, 18 Januari

2.1!

Niliimimina kwenye chupa ya vipimo mara mbili nisiamini macho yangu. Milimita mbili na nukta moja. Ardhi ya uani haikuonyesha unyevu, lakini udongo uliochomwa na jua hunyonya manyunyu ya alfajiri kabla mtu hajaamka. Jambo hilo limeelezwa vizuri na wataalamu.

Jumatano, 20 Januari

1.8. Ssalongo, ambaye hulala juu ya turubai la lori lake, anasema hakuna tone lililomwangukia. "Mvua gani, ssebo? Mimi niko nje kama kuku." Nilimfafanulia kwamba mvua ya mipakani inaweza kunyesha katika ua mmoja na kuuruka wa pili. Alitikisa kichwa na kusema mvua hiyo basi ina pasipoti.

Jumamosi, 23 Januari

2.4. Nimemwandikia Bwana Ochuodho: dalili za mvua zimeanza mapema; vyanzo vyote vinatarajiwa kuimarika; matembezi yaendelee kama yalivyopangwa. Barua hii sikuichana.

Jumamosi, 30 Januari

Sufuri. Ochuodho amejibu kwa maneno matatu: "Vizuri. Endelea hivyo." Dolphine naye ameandika. Kwa kuwa karatasi yangu ina tone la buluu Adungosi na habari za mvua ni njema, amepunguza mzigo wa akina mama: hakuna mitungi, kila mtu chupa moja ya maji. Mama Aluoch, aliye mkubwa kuliko wote katika kwaya, ameniombea baraka kwa sababu mgongo wake unamuuma.

Jumanne, 2 Februari

Nilikwisha kupima. Sitaandika nilichokipata mpaka niandike jinsi nilivyokipata.

Nilipokuwa nikijipenyeza kando ya gurudumu, Ssalongo aliniita. Aliuliza ile chupa yangu ya shaba inaponya ugonjwa gani. Nilimuuliza anasema nini. Akasema amekuwa akimwona nyabo, yaani Mama Leonida, akitoka jikoni jua likichomoza na kikombe, anamiminia maji kidogo pale juu, anatazama huku na huku, anarudi ndani. Si kila siku. Mara tatu au nne hivi. Leo tena.

Nilimkuta akipepeta wimbi. Hakukana. Hakuonekana hata kuona kwamba kuna la kukana.

"Oduori, mtu anaenda kazini siku sitini na anarudi na hakuna. Watakufukuza. Nilikuwekea kidogo tu. Sikujaza."

Nilisimama mbele yake nikitafuta hasira. Nilikuwa na haki nayo. Lakini kila nilipoinyanyua ilikuja na jambo lingine limening'inia: ardhi kavu niliyoiona kwa macho yangu, dereva aliyeniambia, na nadharia nzuri niliyoijenga juu ya kikombe cha mama anayenihurumia. Yeye alimimina maji. Aliyeyaita mvua ni mimi.

Kipimo cha leo: kikombe. Mvua: sijui. Siku nne za mwaka wangu si za kweli.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema msaada ukitangazwa unageuka deni.

Jumatano, 3 Februari

Sufuri. Posta, ili nipige simu ofisini. Foleni ndefu kuliko ya malori. Nilipofika dirishani karani alisema, bila kuinua uso, "Simu imelala, boss." Sikumsahihisha.

Alhamisi, 4 Februari

Sufuri. Nilikwenda Busia baada ya kupima. Ofisi imefungwa; mlinzi wa jengo jirani anasema wote wako Sio Port kuwaaga watembeaji, na kwamba kutoka huko wataandamana nao. Nilipitisha barua chini ya mlango. Ni ile ya nne, ya sentensi moja, niliyoiandika upya: "Adungosi hakuna maji, na kosa ni langu." Niliiona ikiteleza juu ya sakafu na kusimama mbali, mahali ambapo hakuna mkono ungeweza kuirudisha.

Ijumaa, 5 Februari

Sufuri. Mchana nilimwendea Amoit. Nilimwambia nimekuja kuomba maji, si ya mitungi yao, bali namna ya kuyapata. Alifikiri. Alisema kwenye mkondo, chini kidogo ya mashimo yao, kuna mahali ambapo hapajachimbwa mwaka huu, na maji yake bado hayajapungua. Nichimbe changu. Ila nifike jua likichomoza na nisiondoke. Shimo la mchangani likiachwa, kuta zinaanguka, na maji yanarudi chini. Unaanza tena na mikono mitupu.

Nilimuuliza kama ninaweza kufika saa tano. Saa tatu nina kazi Malaba.

"Basi fika saa tano," alisema. "Utapata mtungi mmoja."

Kisha akataja sharti. Wageni wakija, niwaambie mwenyewe. Hataki waseme Adungosi ni watu waongo wanaoandika maji kwa mbao.

Ninaandika haya saa kumi na moja jioni. Kesho ni siku ya 312. Zingebaki hamsini na tatu. Nimekitazama kipimamvua kwa muda mrefu. Ni chombo kidogo sana, na kwa miezi kumi kimenifunga kwa kamba ambayo hata mbuzi wa Adungosi hafungiwi.

Ssalongo amenipa mitungi minane ya lita ishirini. Amesema niirudishe kabla karatasi zake hazijafika, halafu akacheka kwa muda usiofurahisha.

Jumapili, 7 Februari

Sufuri. Sasa ya jana.

Bodaboda wawili walinifikisha na mitungi jua likiwa bado jekundu. Wanawake walikuwa wamekwisha kuketi, kila mmoja kwenye ukingo wa shimo lake, kama watu walio kanisani. Waliniitikia salamu na hawakuniuliza neno. Nilichimba kwa jembe hadi magotini, kisha kwa mikono hadi kiunoni. Mchanga ukabadilika rangi, ukawa mzito, na baadaye pakatokea kitu ambacho siwezi kukiita maji: mng'ao tu. Nilikichota mara moja kwa kibuyu. Nikapata tope.

Amoit aliacha shimo lake chini ya ulinzi wa jirani, akaja akachuchumaa.

"Usiharakishe, mwalimu. Imelala. Ukiamsha na nguvu, inakuja na matope. Weka kibuyu kando, ngoja ijilete."

Niliweka kibuyu kando. Nilingoja. Maji yalijaza kiganja kimoja, viganja viwili. Nilichota nusu kibuyu, safi. Nikangoja tena. Nimesoma vitabu vingi kuhusu maji yaliyo chini ya ardhi; hakuna hata kimoja kilichonieleza kwamba maarifa hayo yote yanakaa kwenye kifundo cha mkono.

Saa tatu ilipita. Niliijua kwa kivuli cha ukingo. Niliinua kichwa nikatazama upande wa Malaba kana kwamba ningeweza kuona ule ua. Anga lilikuwa jeupe tupu. Nilikuwa na hakika, kama nilivyo na hakika ya jina langu, kwamba ndani ya kipimamvua hamna kitu. Lakini sikuwepo. Jirani wa Amoit aliniambia niangalie, ukuta unaanguka. Nikaukinga kwa goti.

Kufikia saa tisa nilikuwa na mitungi saba imejaa na wa nane nusu. Wanawake walinisaidia kuibeba hadi chemchemini. Yao walikuwa wamekwisha kuipeleka nyumbani, na milango wameifunga nusu, jambo ambalo Amoit alisema ni la kuwasaidia wageni wasione.

Walifika saa kumi na dakika chache, mstari mrefu, vumbi hadi magotini. Walikuwa wakiimba, lakini kwa kunong'ona, kama watu wanaotunza mate. Dolphine alikuwa mbele na karatasi yangu imekunjwa mkononi. Bwana Ochuodho alikuwa katikati, kofia mkononi. Nilimwona Dolphine akikiona kibao. Uso wake ukafunguka. Kisha akaona mawe. Akaitazama karatasi, akaitazama chemchemi, akaitazama tena karatasi. Nyuma yake Mama Aluoch alikuwa ameketi chini bila kuambiwa na mtu, chupa yake tupu mapajani, midomo myeupe. Wawili wa kwaya walikuwa wamekwisha kugeuka kuelekea nyumba ya kwanza yenye moshi.

Niliwaita warudi. Nikasema, "Hapa hakuna maji. Mama huyu aliniambia mwezi wa Novemba, kwa lugha iliyo wazi, nami nilikuwa nikisahihisha lugha yake. Kibao ni changu na karatasi ni yangu. Maji haya nimechimba, ni yenu. Tafadhali msiombe nyumba yoyote, kwa kuwa hawatawanyima."

 Dolphine aliikunja tena karatasi.

"Oduori," akasema Dolphine, "miaka minne sikuwahi kukusikia ukisema umekosea. Sema tena. Watu wa nyuma hawajasikia."

Wengine walicheka, na kicheko hicho nilikipokea kama kikombe. Nilisema tena, kwa sauti. Mama Aluoch alipewa maji ya kwanza. Aliyanywa kidogo kidogo, macho yamefumbwa, kisha akauliza baraka alizoniombea zilikwenda wapi. Amoit alimjibu kwamba zilikuwa zimelala.

Bwana Ochuodho hakucheka. Alinivuta kando akaniuliza jambo moja tu: nani amepima leo.

Jumanne, 9 Februari

Sufuri. Ochuodho amekuja Malaba mwenyewe, akajipenyeza kando ya gurudumu na kuchafua suruali yake. Barua yangu aliikuta jana. Hakuizungumzia. Aliweka daftari la kazi mezani, akanionyesha nafasi ya tarehe 6 na kunipa kalamu yake.

Alisema kila kiumbe kati ya hapa na ziwani anajua kwamba Jumamosi haikunyesha. Niandike sufuri, ni kweli. Zile siku nne za kikombe nazo niziandike sufuri. Ni kweli vilevile. Tarehe 31 Machi nipande basi. Hakusema kwa ubaya. Nadhani hata alinihurumia.

Mimi ni mtu wa kubishana, nikabishana, ingawa safari hii nilikuwa nikijipinga mwenyewe. Sufuri, nilimwambia, ni kipimo. Ni mtu aliyesimama saa tatu, akainama, akaangalia ndani, asione kitu. Sufuri ya mtu asiyekuwepo ni maneno tu. Na tone la buluu la Adungosi lilikuwa maneno ya namna hiyohiyo.

"Basi mwaka umevunjika," akasema.

"Ulivunjika tarehe 18 Januari."

"Unaanza upya leo? Hadi Februari nyingine?"

Lori lilikuwa likijaribu kuwaka nje. Lilikohoa, likanyamaza.

Niliandika katika nafasi ya tarehe 6: "Sikupima." Siku nne nyingine nilizipiga mstari mmoja mwekundu, tarakimu zionekane chini yake, na pembeni nikaandika: "Si mvua."

Jumatano, 10 Februari

Sufuri. Siku ya pili.

Jumatatu, 22 Februari

Sufuri. Karatasi za Ssalongo zimefika. Aliondoka bila kuaga, akiacha kwenye lango mtungi mmoja uliojaa maji aliyoyaagiza kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka. Lori jingine limekwisha kusimama mahali pake.

Ijumaa, 5 Machi

Sufuri. Barua ya chuo kikuu, jibu la ile niliyowaandikia kwamba Aprili sitafika. Ni ya adabu sana. Nafasi amepewa mwingine.

Jumatatu, 8 Machi

Sufuri. Nimetayarisha karatasi mpya. Kituo cha Nne kina tone tupu sasa, na chini yake: "Maji inalala Januari. Muulize Amoit." Mpiga chapa wa Busia ameirudisha na duara jekundu kuzunguka "inalala", na pembeni "yanalala?" Nimefuta duara lake na kuandika: "Acha kama lilivyo. Ndivyo lilivyosemwa."

Jumanne, 9 Machi

Sufuri. Nimeanza kumfundisha Mama Leonida kusoma chupa. Jicho lake ni kali kuliko langu. Siku akifuzu mtihani wa Ochuodho, nitakwenda Funyula na kulala, kwa maana ile ya kawaida.

Alhamisi, 11 Machi

Ilianza kabla ya mapambazuko, juu ya mabati, bila kuaga na bila kubisha hodi. Saa tatu kamili nilitoka. Matope yalifika hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilifungua kipimamvua, nikamimina, nikainua chupa usawa wa jicho.

"Ngapi?" akauliza Mama Leonida kutoka mlangoni, kanga imefunika kichwa.

"Nne nukta mbili."

Alinyoosha mikono yake yote miwili mbele, mitupu, viganja juu, mvua ikiipiga.

"Hiyo si mimi," alisema.